Mzigo wa Kichwa Kimoja

Kuna jambo moja ambalo nimechoka kulieleza. Nimelieleza sokoni, nimelieleza gereji, nimelieleza msibani, na safari moja nililieleza nikiwa nimelala hospitali na dripu mkononi. Jambo lenyewe ni kwamba pikapu si pikapu tu. Kuna pikapu nyepesi na kuna pikapu nzito, na tofauti yake ni kama ya mbuzi na nyati, ingawa wote wana pembe na wote wanakula majani. Watu wananisikiliza kwa adabu, wanaitikia kwa kichwa, wanasema, "Kweli kabisa, mwalimu," halafu wananiletea kabati la mninga nilipeleke Soni.

Yangu ni nyepesi. Bodi yake ni fupi, na injini yake ukiisikiliza asubuhi ya baridi ya Lushoto utadhani ni bibi anayekohoa huku akitafuta kandambili. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibati kinachosema gari hili limeruhusiwa kubeba uzito gani, na uzito huo haufiki tani. Tena ndani ya hesabu hiyo yumo dereva, yumo abiria wake, na limo lile keria la vyuma nililolichomelea kwa mbwembwe bila kujua kwamba chuma nacho ni mzigo. Kibati hicho nimewaonyesha watu wasiopungua elfu kumi. Wanakitazama kama mtu anavyotazama picha ya harusi ya watu asiowajua.

Shemeji yangu, aliyemwoa dada yangu, ndiye mwenye ile nzito. Springi zake za nyuma zimepangana kama sahani za shughuli. Ekseli ni nene, breki ni kubwa, chesisi ukiigonga inakujibu kwa sauti ya kengele ya kanisa. Lile gari linaweza kubeba mzigo wangu wote, na mimi mwenyewe, na likabaki na nafasi ya kubeba ubishi wa mwenye nalo, ambao ni tani nyingine.

Tatizo la milima yetu ni kipimo. Huku mzigo haupimwi kwa kilo, unapimwa kwa kichwa. Mama anatoka shambani na mzigo wa kuni mrefu kuliko yeye, anapanda nao kilima ambacho mimi nikikipanda mikono mitupu naanza kuona malaika, na akifika juu bado ana pumzi ya kumgombeza mbuzi. Sasa mtu kama huyo umwambie gari limejaa? Anakuangalia kwa huruma. "Mwanangu, hiki nakibeba kichwani. Gari litashindwa?" Na kila mmoja anasema kweli. Ana kichwa kimoja, na mzigo wake ni wa kichwa kimoja. Wanachosahau ni kwamba bodi ni moja na vichwa ni vya tarafa nzima.

Nimesema hayo yote ili unielewe nilivyojisikia siku shangazi aliponipigia simu.

Shangazi yangu, dada yake baba, anaishi Rangwi. Zamani aliishi Kwai, alikoolewa, na huko ndiko alikojiunga na kikundi cha akina mama wanaopeana ng'ombe kwa zamu. Utaratibu wao ni huu: mwenye zamu anapewa mtamba aliyekwisha kushika mimba. Akizaa ndama jike, ndama huyo akishaacha kunyonya anarudi kikundini, anapewa mama anayefuata. Mume wa shangazi alipofariki, shangazi alirudi kwao Rangwi, lakini wenzake hawakumfuta. Akaisubiri zamu yake. Kila nilipomtembelea alinipeleka kwanza kwenye banda. Ameliezeka upya. Ameweka sakafu ya mbao. Ametengeneza hori. Lilikuwa banda safi kuliko chumba ninacholala, na ndani yake hapakuwa na kitu isipokuwa ufagio.

"Zamu yangu inakuja," alikuwa akisema, anafagia banda lisilo na ng'ombe.

Sasa ilikuwa imekuja. "Jumamosi, mwanangu, unanichukulia ng'ombe wangu Kwai." Hakuuliza. Shangazi hawaulizi watoto wa kaka zao.

Nikapiga hesabu. Mtamba mwenye mimba kubwa ni kilo mia nne na ushee. Ongeza shangazi, ambaye naye hakuumbwa kwa haraka, niongeze na mimi, na lile keria. Kwa kibati changu tulikuwa tumejaza. Sisemi tumekaribia kujaza. Na ng'ombe si gunia la saruji, hatulii mahali ulipomweka. Kwa hiyo nikaenda kumwona shemeji. Nilimkuta gereji mjini, anaosha gari lake kwa sabuni ya kuogea, ile yenye harufu ya maua.

"Shem, Jumamosi niazime gari nimchukulie shangazi ng'ombe."

"Jumamosi lina harusi."

"Harusi ya wapi?"

"Linakwenda kumchukua bibi harusi Rangwi, linamleta Lukozi. Riboni nimeshanunua."

"Rangwi?"

"Rangwi."

"Yaani wewe unakwenda Rangwi na gari tupu, na mimi nakwenda Rangwi siku hiyohiyo na ng'ombe, na ng'ombe apande langu?"

"Gari halitakuwa tupu. Lina maua."

"Ya plastiki!"

"Shem, huyo ng'ombe atanya."

"Atanya nyuma! Bibi harusi si anakaa mbele?"

"Harufu haina mipaka, shem." Akaendelea kusugua rimu. "Kwani wewe huna pikapu?"

"Yangu ni nyepesi. Nimekuambia mpaka ulimi umeota sugu."

"Ongeza springi."

Hilo ndilo jibu la kila mtu asiyetaka kukusaidia. Ongeza springi! Ukiongeza springi gari halichuchumai tena, ni kweli, linasimama wima kama askari wa gwaride. Lakini breki ni zilezile, ekseli ni ileile, klachi ileile, tairi zilezile. Ni kumvalisha mtoto koti la baba yake. Mabega yanaonekana mapana, ila usimpe gunia.

"Au nikuazime tela, uvute," akasema, kama mtu anayenifanyia ukarimu.

Hapo ndipo nilipotaka kulia. Kuvuta si kubeba. Mzigo ulio mgongoni unakukandamiza, basi, mnajuana. Mzigo unaouvuta una akili yake mwenyewe. Ukipanda unakurudisha, ukiteremka unakusukuma, na kwenye kona unataka kupita njia yake. Niliwahi kushuka kutoka Magamba na tela la mchanga nyuma ya pikapu hii, na naapa kwamba tela ndilo lililoendesha, mimi nilikuwa abiria. Nilifika mjini nimeushika usukani kwa heshima tu.

Nikaondoka bila gari wala tela. Aliniita nikiwa mlangoni. "Shem! Nenda polepole!" Ushauri huo ulikuwa bure, na ulistahili bei hiyo.

Jumamosi nilifika Kwai ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba ungeweza kuupaka kwenye mkate. Nilimchukua shangazi kwa binamu yake alikolala, akiwa amevaa kitenge kipya na kanga juu yake, kama anayekwenda kuposa. Akina mama wa kikundi walikuwa wamekwisha kusanyika. Mwenyekiti wao, mama mrefu mwenye buti za mvua, akalizunguka gari langu taratibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiyo gari hili?"

"Ndiyo, mama."

"Au hili limekuja kuonyesha njia, lenyewe linafuata?"

Akina mama wakacheka mpaka ukungu ukatawanyika. Nikarudisha gari nyuma hadi kwenye kingo ya shamba iliyolingana na bodi, tukatandika nyasi nene, na mtamba akaongozwa ndani. Alikuwa mzuri, sikatai. Mweusi, ana baka jeupe tumboni, macho kama ya mtu aliyeamshwa. Alipokanyaga bodi, gari lilichuchumaa nyuma, na pua yake ikainuka kutazama mawingu. Nikamfunga kamba fupi ya katani, kichwa kikielekea mbele.

Mwenyekiti akanishika mkono. Sasa hakuwa anatania. "Sikiliza, mwenetu. Huyu ana mimba ya miezi saba. Usimrushe, usimwangushe. Akiharibu mimba njiani au akivunjika mguu, hatuna mwingine wa kumpa shangazi yako. Zamu ni moja kwa kila mtu."

Shangazi aliitikia, "Tumesikia," na nikaona ameifumbata ncha ya kanga yake ngumini.

"Shangazi," nikasema tulipoingia ndani, "leo ni ng'ombe tu. Hata bahasha sichukui."

"Ng'ombe tu, mwanangu. Nani kasema vingine?"

Hatukufika mbali. Kona ya kwanza alisimama mzee na gunia la mbegu za viazi, limeshindiliwa na kuvishwa kilemba cha nyasi juu, unajua yale magunia yanayoitwa moja lakini ndani yake yamekaa mawili. Nikatazama mbele. Nikakaza mikono. Nilikuwa nimeamua kupita kama upepo. Shangazi akashusha kioo.

Hapa sharti nieleze mtego wa kwetu. Mtu mzima humpiti bila kumwamkia. Ukimwamkia, sharti upunguze mwendo usubiri marahaba. Akishasema marahaba atakuuliza habari za nyumbani, na huwezi kujibu habari za nyumbani gari likitembea. Kwa hiyo unasimama. Na gari lililosimama mbele ya mtu mwenye gunia limekwisha kukubali.

"Shikamoo kaka!"

"Marahaba, dada yangu. Ndiyo ng'ombe mwenyewe huyo?"

"Ndiye."

"Mungu mkubwa! Basi nipakizieni hii mbegu. Naishia hapo juu tu."

Hapo juu tu, kwa lugha ya Usambara, maana yake ni mahali penye hali ya hewa nyingine.

"Mzee wangu, samahani, gari limejaa," nikasema.

"Limejaa wapi?" Akachungulia. "Naona nafasi chini ya tumbo la ng'ombe."

Nikamgeukia shangazi. Akaninong'oneza, "Huyu alinibebea mchanga wa kaburi la mume wangu kichwani, toka barabarani mpaka shambani, mvua inanyesha. Nimwambie nini?"

Mzee akapanda na gunia lake.

Kona nyingine, mama na matenga ya karoti. "Huyu alihamia kwangu msiba mzima, ananipikia." Akapanda. Baadaye fundi seremala na mbao. "Huyu ndiye aliyetengeneza jeneza, hakutaka hata chai." Mbao zikapanda, na fundi juu yake. Kisha mama mwingine na kuku wawili waliofungwa miguu, na ndizi, na debe la mafuta ya taa. "Huyu..." "Basi, shangazi, nimeelewa." Kila mzigo ulikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli, ndiyo iliyoniudhi zaidi. Ningempata mwongo mmoja tu ningemshusha kwa raha.

Nikajaribu tena. "Shangazi, ni ng'ombe wako huyo nyuma. Ni zamu yako. Hawa wote tukiwabeba, wewe ndiye utakayekosa."

"Nikiwaacha majirani zangu wa Rangwi barabarani," akasema, "huyo ng'ombe nitamlisha na nani? Nitakatiwa majani na nani nikiugua?"

Katika fizikia yote niliyosomeshwa shule ya jioni, tumbo linanguruma na taa inapepesa, hawakutufundisha hilo. Walitufundisha nyenzo na kani na kitovu cha uzito. Na kitovu cha uzito cha gari langu kilikuwa kimehama. Mizigo yote ilikuwa nyuma ya ekseli, kwa hiyo magurudumu ya mbele yakawa yanagusa barabara kwa kuonja tu. Usukani ulikuwa mwepesi kama wa gari la kuchezea. Unakata kona, gari linafikiri kwanza. Na kila kona, mtamba alisogea upande wa nje, gari likamfuata, karoti zikamfuata gari, na mzee wa mbegu akapiga kelele, "Polepole, kijana, tuna mama mjamzito huku!"

Tulipita Lukozi. Mvua ikaanza, ile ndogo isiyo na haraka, inayogeuza udongo mwekundu kuwa sabuni. Mbele yetu kukawa na kile kilima ambacho madereva wote wa njia ile wanakijua na hawakitaji wakiwa wanakula. Nikaingiza gia ya kwanza. Gari likapanda. Likapanda kidogo. Likanuka klachi. Kisha likasimama, magurudumu yakazunguka mahali pamoja yakirusha matope hadi angani, na polepole, kwa adabu, likaanza kurudi nyuma. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili na kwa imani. Tairi zilikuwa zimeshikwa, hazizunguki, lakini gari liliendelea kuteleza. Seremala aliruka akaweka mawe nyuma ya tairi. Likatulia, upande wake mmoja ukichungulia bondeni, ambako nyumba zilionekana ndogo kama vibiriti.

Kisha tukasikia kishindo nyuma. Mtamba alikuwa ameanguka kwa magoti.

Watu walishuka mara moja, kila mtu na kuku wake. Shangazi alipanda bodi kwa kasi ambayo sikujua anayo. Akapiga magoti kwenye nyasi, akaweka kiganja kwenye lile baka jeupe, akasikiliza kwa muda mrefu. Kwa shangazi yangu muda mrefu ni kama dakika moja, lakini sijawahi kuona dakika yenye uzito kama ile.

"Anasemaje?" mzee wa mbegu akauliza.

"Ndama hachezi," shangazi akasema. "Asubuhi alikuwa anacheza humu ndani. Sasa simsikii."

Mama wa karoti alivua kanga yake akamfunika ng'ombe mgongoni. Mimi nilibaki nimesimama mvuani, nina hasira na kila mtu na sina mtu wa kumgombeza, maana wote walikuwa wanalia.

Ndipo tukasikia honi. Nyuma yetu, linang'aa, limevaa riboni nyeupe kuanzia kwenye vioo hadi kwenye taa, maua ya plastiki juu ya boneti, lilikuja lile gari zito. Ndani alikuwemo shemeji peke yake, suti, viatu vyeupe. Akatupita, akasimama mbele yetu, akateremsha kioo.

"Shem! Si nilikuambia uongeze springi?"

Sitaandika nilichomjibu.

Kwa haki yake, alishuka. Alitoa kamba nene ya katani, na kabla sijafungua mdomo alikuwa amekwisha kuifunga kwenye bampa langu. "Siyo hapo!" nikapiga kelele. "Bampa ni pambo! Funga kwenye ndoano ya chesisi, huku chini!"

"Bampa la chuma hili, shem. Acha woga." Akarudi ndani ya gari lake kwa kunyatia, kwa ajili ya viatu. Akavuta. Kukatokea mlio kama wa kufungua kopo kubwa, gari langu likabaki palepale, na bampa langu likaanza safari ya kwenda harusini peke yake.

Tukalirudisha. Safari hii niliingia chini ya gari mwenyewe nikafunga kamba kwenye ndoano. Akavuta tena. Sasa magurudumu yake ndiyo yaliyozunguka. Mkia wa lile gari ukayumba kushoto, ukayumba kulia, ukacheza ngoma yote, likabaki palepale, likinirushia matope ya kutosha kujengea nyumba. Kama kuna mtu bado anadhani pikapu nzito ni nzito kila mahali, angekuja kusimama nilipokuwa nimesimama. Lile gari likiwa tupu, uzito wake uko mbele kwenye injini. Nyuma, kwenye magurudumu yanayosukuma, ni jepesi kama kapu. Springi zile zote nene zinangoja mzigo, na bila mzigo tairi hazina kinachozibana chini. Ile gia ya kufanya magurudumu yote manne yavute, shemeji aliiua siku nyingi kwa kuichezea kwenye lami, akijionyesha.

"Lina uwezo wa kuvuta nyumba hili," akasema, anapumua.

"Lina uwezo, halina mzigo! Weka mzigo nyuma, litashika!"

"Mimi leo sibebi mzigo. Nimevaa suti. Gari lina riboni. Bibi harusi anasubiri."

"Gari la kubeba tani limebeba maua, na langu limebeba kijiji, halafu..."

"Hayo mambo ulijitakia, shem. Ulishindwa kusema hapana?"

Nilikuwa natafuta kitu cha kumrushia, kiwe laini lakini chenye kuuma, nilipomwona ananyamaza. Shangazi alikuwa ameshuka kwenye bodi, anakuja, magoti yamejaa matope. Kwa shemeji, shangazi ni mkwe. Alivua kofia. Alijikunja kidogo. Na nikaona, kwa furaha ambayo siwezi kuieleza, mtego wa maamkizi unafyatuka.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo, shangazi."

"Nyumbani?"

"Hawajambo kabisa."

"Na bibi harusi?"

"Anasubiri, shangazi."

"Basi tusimcheleweshe. Pakia."

Akapakia. Angefanyaje? Mbegu za viazi zikapanda juu ya bodi iliyooshwa kwa sabuni ya maua. Karoti zikapanda. Mbao, ndizi, debe la mafuta ya taa, watu wote, na kuku wawili ambao walipata mahali pazuri katikati ya riboni. Mzigo ulioniua mimi, gari lile liliupokea kwa kushuka kidogo tu, kama mtu anayejiweka sawa kitini. Aliporudi kwenye usukani akakanyaga mafuta, magurudumu yalishika udongo kama meno, kamba ikanyooka, na mimi nikapandishwa kilima kile bila bampa, nimeshika usukani kwa heshima tu.

Lakini mtamba hakuwemo. Kabla ya kuvutwa, shangazi alikuwa amesema, "Huyu hapandi gari tena." Tukalisogeza ubavu kwenye kingo, akashuka mwenyewe, anatetemeka. Shangazi akaishika kamba, akakata njia ya mkato inayopita kwenye mashamba ya kabichi, polepole, anazungumza naye Kishambaa kwa sauti ambayo sisi watoto wa kaka zake hatujawahi kupewa. Niliwatazama mpaka ukungu ukawameza.

Tuliwakuta wameshafika. Sisi wenye magari mawili, injini mbili, na elimu, tulifika baada ya mjane na ng'ombe wake. Nilikwenda moja kwa moja bandani, naogopa kuuliza. Mtamba alikuwa amesimama kwenye sakafu ya mbao, anakula. Shangazi alinishika mkono, akauweka kwenye baka jeupe, akaukandamiza. Nikangoja. Nikaanza kufikiria maneno ya pole. Kisha nikapigwa teke. Teke lenyewe lilikuwa dogo, la mtu ambaye hajazaliwa, lakini nilirudi nyuma nikakalia ndoo.

"Alianza tulipofika kwenye kabichi," shangazi akasema. "Alikuwa amenuna tu. Gari lako lina makelele."

Shemeji, nilisikia baadaye, alifika kwa bibi harusi na mzigo wote nyuma kwa sababu hakutaka kusimama tena njiani. Akina mama wa nyumba ile walipoona viazi, karoti, ndizi na kuku wenye riboni, walipiga vigelegele na kuanza kushusha, wakidhani ni zawadi kutoka upande wa bwana harusi. Mzee wa mbegu ilibidi alikalie gunia lake akiita majirani wamshuhudie. Kuku mmoja hakupatikana.

Ndama alizaliwa mzima, jike, mweusi kama mama yake. Shangazi alimlea kama mjukuu, na alipoacha kunyonya, simu yangu ikaita.

"Mwanangu, ndama wa watu anarudi Kwai. Kuna mama anangoja zamu yake."

"Ndama tu, shangazi?"

"Ndama tu. Hata mimi ningembeba kichwani."

Nilikwenda kumwona shemeji kwanza. Aliniuliza kama nimeongeza springi. Basi nikafunga bampa langu kwa waya, nikaenda Rangwi, tukampakia ndama kwenye nyasi, shangazi akakaa mbele na kanga mpya. Kabla hatujaondoka nilizunguka upande wake, nikapandisha kioo chake mpaka juu, nikaing'oa ile mikono ya kushushia kioo, upande wake na upande wangu, nikaitia mfukoni.

Kwenye kona ya kwanza alisimama mama wa karoti, na matenga yake, na kiroba kilichokuwa kinatikisika chenyewe. Nilitazama mbele. Nilikaza mikono. Gari lilikuwa jepesi, barabara ilikuwa kavu, hapakuwa na sababu yoyote duniani ya kusimama. Nikakumbuka kanga yake juu ya mgongo wa ng'ombe, mvua inanyesha. Mguu wangu, wenyewe, bila kuniuliza, ukakanyaga breki. Na kwa kuwa vioo havishuki, ilibidi nifungue mlango.

"Shikamoo mama," nikasema.